Vyumba Viwili Ggaba

Jumanne, 21 Oktoba

Nimekata pazia la mteja likawa fupi kwa kiganja kizima. La sebuleni, rangi ya maziwa. Mawazo yalikuwa Ggaba. Ikabidi nishone ukanda mweusi chini na kumwambia yule mama kwamba ndio mtindo wa sasa. Amefurahi sana. Anataka na la chumbani liwe hivyo hivyo.

Imeamuliwa: fungate tunafanyia hapa hapa Kampala, Ggaba, kando ya ziwa. Opio, mchumba wangu, hawezi kwenda mbali. Ni fundi wa lifti, na Desemba majengo yote ya mjini yanajaa watu, lifti zinakwama kila siku. Mwanzo nilinuna. Wenzangu kule Bungoma wananiuliza kama ni Mombasa au Zanzibar, niwaambie ninapanda boda naenda Ggaba? Halafu nikawaza vizuri. Nimekaa mji huu miaka tisa, na ninajua nini? Duka la mapazia, chumba changu Lubaga, kanisa, soko. Ziwa naliona nikienda kununua samaki, na macho yanakuwa kwenye samaki. Nataka wiki moja niwe mgeni. Nikae kwenye kiti niletewe chai, nitazame maji bila kuuza wala kununua kitu.

Na nataka kuwa na Opio peke yake. Hilo ndilo kubwa kuliko yote. Tangu tujuane sijawahi kumpata siku nzima bila Ocen, pacha wake, kupiga simu au kutokea mlangoni. Simchukii Ocen. Ni polisi mpole kuliko polisi wote niliowahi kuwaona. Lakini jamani, nimechumbiwa na mmoja.

Jumapili, 26 Oktoba

Mkutano wa harusi Luzira, kwa mama mkwe. Hapa Kampala mtu haoi bila mikutano. Kuna mwenyekiti, kuna katibu, kuna ajenda, na kila mtu ana maoni kuhusu gauni lako. Nimeshazoea.

Leo tukafika kwenye fungate. Mwenyekiti, rafiki wa Opio wa kazini, akasoma: hoteli, Ggaba, wiki moja, maharusi wanaondoka Jumapili baada ya harusi. Watu wakapiga makofi. Mama mkwe akanyoosha mkono kama mtoto wa shule, akauliza kwa Kiswahili chake cha kambi ya jeshi.

"Na Ocen nakwenda wapi?"

Nikacheka. Kosa langu. Niliangalia pande zote nikaona ninacheka peke yangu.

Mama ni mjane wa mwanajeshi. Amewalea wale wawili kambini, na sheria yake ni moja: kitu akipewa Opio, Ocen naye anapewa, siku hiyo hiyo. Shati, baiskeli, kila kitu. Nilipomnunulia Opio saa, hakuivaa mpaka nikaleta nyingine. Niliona ni mapenzi ya ndugu, nikamsifu. Kwenye harusi Ocen atavaa suti ile ile ya bwana harusi na atakuwa na keki yake. Hayo niliyakubali bila neno. Keki ni unga na sukari tu.

Lakini safari! Mama anasema harusi tumeigawa vizuri, basi na safari tuigawe. Ocen apate chumba karibu na chetu. Alisema kwa upole kabisa, akimimina chai. Wazee wakatikisa vichwa kukubali.

Nilimtazama Opio. Opio alikuwa anatazama viatu vyake.

Jumatatu, 27 Oktoba

Nilimweleza Nnalongo, mwenzangu wa dukani, nikitegemea tutacheka pamoja. Nilisahau kwamba jina lenyewe Waganda humpa mama wa mapacha. Aliweka mkasi chini.

"Nyabo, mambo ya balongo hapana cheka."

Nyabo ni bibi, balongo ni mapacha. Akanieleza habari za mtoto pacha wa jirani yao na ng'ombe aliyechinjwa vibaya. Sikusikiliza mpaka mwisho. Hata kwetu Bungoma pacha wanaheshimiwa, wana mambo yao na siku zao. Lakini sijasikia popote kwamba wanapelekwa fungate.

Siku nzima sikusema naye tena. Nilikunja vitambaa ambavyo vilikuwa vimekunjwa tayari.

Alhamisi, 30 Oktoba

Opio ana neno moja: "Tutaona." Lifti ikikwama na watu ndani, anawaambia kwa simu tutaona, nao wanatulia. Ana sauti ya kutuliza watu waliofungiwa. Leo ameitumia sauti hiyo hiyo kwangu. Nimemuuliza, umemwambia mama yako hapana? Tutaona. Lini? Tutaona.

Nilimpenda kwa utulivu huo. Mimi nimetoka kwenye nyumba ya makelele, baba anapiga meza, mama anapiga kelele za kujibu. Nikasema huyu ndiye. Leo nimetamani apige meza.

Jumapili, 2 Novemba

Mvua toka alfajiri. Sikwenda kanisani.

Nimempigia mama Bungoma. Amecheka hadi akakohoa. Halafu akaniuliza kama huyo Ocen naye ana kazi nzuri. Nikakata simu.

Jumamosi, 8 Novemba

Sijavua hata viatu. Naandika tu.

Leo nilifunga duka mapema nikaenda Ggaba kuiona hoteli, niangalie mapazia. Ndiyo, mapazia. Sitaki kulala wiki nzima natazama mshono mbaya. Nilipita sokoni kwenye samaki, watu wanaita bei, nikajisikia kama naenda kwenye miadi. Hoteli ni nzuri. Bustani inashuka mpaka majini. Nilianza kuwa na furaha, kidogo kidogo.

Dada wa mapokezi akaangalia jina. Akasema, naam, Bwana Opio, alikuja mwenyewe juzi. Vyumba viwili vinavyopakana. Akanipeleka kunionyesha. Katikati kuna mlango. Anaufungua na kuufunga, anatabasamu, ananionyesha jinsi usivyopiga kelele.

Kumbe. Kumbe "tutaona" yake ilikuwa hivyo. Si mama aliyekuja hapa. Si Ocen. Ni Opio kwa miguu yake mwenyewe, akarudi, akala wali kwangu Alhamisi jioni bila kusema kitu.

Nilimwambia yule dada asante. Nikashuka mpaka majini nikasimama. Sikuliona ziwa lolote.

Jumapili, 9 Novemba

Tumegombana. Au mimi nimegombana, yeye amekaa. Nimemwambia sitaolewa na watu wawili. Nimemwambia kama hawezi kumwambia mama yake neno moja kabla ya harusi, hataweza baada. Asiniambie tutaona. Achague, la sivyo hakuna harusi, na ile suti ya pili wampelekee nani sijui.

Akasema, "Nekesa, mimi sijui kuwa na kitu peke yangu." Basi. Akachukua koti lake akaenda.

Nimekasirika kiasi cha kutolia. Nina hasira naye, na mama yake, na zaidi na mimi mwenyewe, maana alipofika mlangoni nilitaka kumwita arudi.

Jumatano, 12 Novemba

Nimekwenda Luzira. Nilijipanga njia nzima. Nilikuwa na hotuba.

Mama alikuwa anapepeta mchele mlangoni, amefunga ushungi wake wa swala. Yeye Mwislamu, marehemu alikuwa Mkristo, watoto walibatizwa, na sijawahi kusikia kwamba waligombana kwa hilo. Akanipa kigoda. Akanipa na ungo wa pili bila kuniuliza. Hotuba ikaniponyoka hapo hapo. Mtu hawezi kugombana huku anachambua mawe.

Alianza yeye. Ocen na Opio walipokuwa wadogo, baba yao alirudi kutoka kazini kaskazini na viatu vya Opio tu. Dukani pea ya pili haikuwepo, akasema mwezi ujao atamletea Ocen. Wiki hiyo surua ikaingia kambini. Opio haikumgusa. Ocen alilala hajui mtu.

"Mimi nalikaa hapa chini. Mtoto moja iko na viatu mpya, ingine iko nakufa. Wewe nafikiri mimi nasahau?"

Nikasema, Mama, ilikuwa surua. Akasema anajua ilikuwa surua, yeye si mjinga, daktari wa kambi alimwambia. Aliendelea kupepeta. Halafu akasema viatu vile alivichoma mwenyewe, na Opio alilia kwa sababu ya viatu, na Ocen akapona. Tangu siku ile hajajaribu tena kuona itakuwaje.

Nilitaka kumchukia. Ingekuwa rahisi. Nimechambua mchele wake wote nikarudi Lubaga bila kusema nililoendea.

Jumamosi, 15 Novemba

Opio hajaja wala hajapiga. Sijapiga pia.

Msimu wa senene umefika. Mji mzima unakaanga panzi. Nnalongo ameniletea kwenye karatasi, bado wa moto, na hakusema lolote kuhusu mapacha. Nimekula wote nimesimama kwenye kaunta. Nina huzuni, lakini njaa iko palepale.

Mwenyekiti wa mkutano ametuma ujumbe kuuliza rangi ya maua. Sijajibu. Gauni liko kabatini. Sifungui kabati, navaa nguo zilizo kwenye kiti.

Jumatatu, 17 Novemba

Ocen amekuja dukani. Amevaa sare, wateja wakanyamaza wakidhani kuna kesi. Nilidhani ametumwa. Nikamwambia kabla hajakaa kwamba kama ametumwa arudi.

Hakutumwa. Alikaa kwenye marobota ya vitambaa, kofia mapajani, akaanza kuniambia mambo ambayo sikuyatarajia. Kwamba hata yeye hataki kwenda Ggaba. Nani anataka kulala wiki nzima chumba cha pili akisikiliza ukuta? Hakuna aliyemuuliza. Mke aliyemuoa zamani aliondoka kwa sababu hiyo hiyo, akisema amechoka kuolewa na familia nzima. Sikujua. Niliambiwa tu kwamba "hawakuelewana."

Miaka yote kazini wamekuwa wakitaka kumpeleka mbali, naye alikuwa anaomba abaki Kampala, karibu na Opio. Wiki iliyopita ameomba mwenyewe apelekwe. Amepata Moroto, mbali kaskazini mashariki. Anaondoka Jumapili ile ile tunayokwenda Ggaba.

"Shemeji, sikia. Opio anapewa safari. Na mimi napewa safari. Siku moja. Mama atasema nini?"

Alicheka, nami nikacheka, maana ni kweli. Sheria imetimia kabisa, hakuna pa kuishika. Kisha akaacha kucheka. Akasema tangu azaliwe, mtu akimwona anamuuliza yule mwingine yuko wapi. Anataka kukaa mahali ambapo hakuna anayejua kwamba wako wawili. Aone yeye ni mtu gani.

Opio bado hajui. Ameniomba nisimwambie, atamwambia mwenyewe leo.

Nimepata nilichotaka. Nimeandika sentensi hiyo na nimeitazama muda mrefu.

Jumanne, 18 Novemba

Opio amekuja. Macho mekundu. Hakukaa kwenye kiti, alikaa sakafuni, mgongo kitandani. Hakusema tutaona. Nilipika, hakula.

Sijawahi kumwona hivi. Mtu mzima, fundi, anayeingia kwenye shimo la lifti ghorofa ya kumi bila kutetemeka, amekaa sakafuni kwangu kama amepotea sokoni.

Nikavumilia, nikavumilia, nikashindwa. Nikasema, mpigie. Mwambie aache Moroto, aje Ggaba, achukue hicho chumba cha pili. Nilisema kwa moyo wangu wote, haki ya Mungu. Nilikuwa tayari hata kwa ule mlango wa katikati. Afadhali huo kuliko uso huu.

Halafu akatikisa kichwa.

"Hapana. Muache aende."

Ndilo neno nililokuwa nikilidai. Hapana. Nililitaka kwa hasira, nililitaka aambiwe mama yake, kwa sauti, mbele ya mkutano. Nimelipata sakafuni, kwa sauti ya chini, na limemgharimu kuliko nilivyofikiri neno linaweza kumgharimu mtu. Nilikaa chini pamoja naye. Tulikaa hivyo.

Kabla ya kuondoka akaniambia kesho anakwenda Ggaba kurudisha chumba kimoja. Nikamuuliza kama niende naye. Akasema hapana, anataka kwenda mwenyewe.

Ijumaa, 28 Novemba

Kesho ninaolewa. Nyumba imejaa shangazi kutoka Bungoma, wamelala hadi jikoni. Naandika chooni, nimekaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

Leo mama mkwe amekuja na keki zake mbili kwenye gari la mtu. Zinafanana hadi ua la juu. Alizipanga mwenyewe kwenye meza, akarudi nyuma akaangalia kama ziko sawa, akasogeza moja kidogo. Kisha akanivuta pembeni. Nilijiandaa.

Aliniuliza kama Moroto ni baridi.

Nikamwambia nasikia ni joto na vumbi. Akasema basi amekosea, amemnunulia Ocen sweta. Na Opio pia amemnunulia. Akanipa la Opio nimpelekee. Alikuwa anajizuia kulia, na mimi nilishindwa kujizuia kwa niaba yake. Tulisimama nyuma ya zile keki tukifuta macho, shangazi zangu wakadhani ni furaha ya harusi, wakaanza vigelegele.

Naogopa. Si kwamba naogopa kuolewa. Naogopa nimemkata mtu kama lile pazia.

Jumatatu, 1 Desemba

Ggaba. Chumba kimoja. Mapazia ni mabaya, pindo halikunyooka, na nimeamua kutolitazama.

Harusi ilikwenda vizuri. Nimechoka kuielezea hata kwangu mwenyewe. Suti mbili, na padri alisita kidogo kabla ya kuuliza swali lake, akamwangalia mmoja kisha mwingine. Kanisa zima lilicheka. Opio akasema "Ndiyo" kabla swali halijaisha. Kwa sauti kubwa.

Jana asubuhi tulimsindikiza Ocen kwenye basi, mimi bado nina hina, Opio amembebea begi. Hawakukumbatiana. Walisimama tu wanaangalia magurudumu, wanajadili matairi. Basi likaondoka. Tukapanda gari tukaja huku.

Jana kutwa Opio alikuwa hapa na hakuwa hapa. Alikunywa chai, alisema ziwa ni zuri, alisema ndiyo nilipomuuliza. Simu mkononi. Jioni Ocen akapiga kwamba amefika, na kwamba ni joto kweli. Walizungumza kidogo. Opio akarudi kitandani na hakulala. Najua hakulala kwa sababu na mimi sikulala. Nikawaza: fungate gani hii, mume wangu analala na pengo la kaka yake katikati. Nilitaka wiki ya peke yetu, nayo ndiyo hii.

Leo mchana mvua imenyesha. Tulikula samaki, tukajilaza. Alikuwa anageuka, anageuka. Mwanzo nilikereka. Kisha nikamuuliza, bila kupanga, kule kambini mlilalaje?

Akaniambia. Kitanda kimoja cha chuma, mguu mmoja umekaa juu ya tofali. Yeye upande wa nje, kwa sababu Ocen alikuwa anaogopa kuanguka. Ocen ukutani. Kila siku mpaka walipoanza kazi. Ocen alikuwa anaweka mguu wa baridi mgongoni kwake, yeye anaupiga, unarudi. Alinieleza mengi. Kuhusu bendera ya asubuhi, kuhusu baba yao akipiga pasi, kuhusu viatu ambavyo mama alivichoma. Alikumbuka hata rangi yavyo. Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema kwa muda mrefu namna hiyo. Sikumkatiza.

Aliponyamaza niliangalia kitanda. Mimi nilikuwa upande wa nje. Yeye alikuwa amebanwa ukutani tangu jana, kwa adabu tu, kwa sababu nilitangulia kuchagua.

Nikamwambia asogee. Nikapita juu yake kama mbuzi anaruka ua, akacheka, nikaingia upande wa ukutani. Miguu yangu ni ya baridi, nimezaliwa nayo. Nikaiweka mgongoni kwake. Akaipiga. Nikairudisha.

Amelala mpaka saa ya chai. Nimekaa naandika haya na sijamwamsha.